Msaada: Mdogo wangu ana uvimbe kifuani, kinyama cha kwanza hakikutoa majibu

Mbayuwayu:
Wakuu habari. Mdogo wangu, kijana wa miaka 27, kifua kinambana na kikohozi hakiishi. CT scan imeonyesha uvimbe nyuma ya mfupa wa kidari. Walichukua kinyama kwa sindano nyembamba, majibu yakarudi kwamba seli hazitoshi. Sasa wanataka sindano nene. Wazee wamegoma, wanasema uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Anayetakiwa kuamua ni mimi. Nifanyeje?

BintiSaumu:
Pole sana. Wasikilize wazee. Shangazi yangu alichomwa sindano ya titi, hakumaliza mwaka.

Kaka_Tabibu:
BintiSaumu, pole kwa msiba. Ila wengi hupimwa ugonjwa ukiwa umeshafika mbali, lawama ikaangukia sindano.

Mleta mada, mahali hapo huota vimbe zinazofanana kwenye picha lakini tiba zake ni mbalimbali. Limfoma, saratani ya mfumo wa limfu, hutibiwa kwa dawa. Thaimoma, uvimbe wa thaimasi, tezi iliyo nyuma ya kidari, hukatwa ikiwezekana. Uvimbe wa seli za uzazi, unaopenda vijana wa kiume, kwa kawaida huanziwa dawa. Sindano nyembamba hufyonza seli zilizotawanyika, na kwa limfoma maabara inataka kuona zilivyopangana. Sindano nene hutoa kipande kizima, chembamba kama uzi. Hupitishwa pembeni ya kidari kwa ganzi, daktari akiifuata kwenye CT scan.

Kwanza waulize kama wamepima AFP na beta-hCG kwenye damu, viashiria vya huo uvimbe wa seli za uzazi. Kwa kijana, AFP ikiwa juu sana inaweza kuelekeza tiba hata kabla ya kinyama.

Wazee wana hoja sehemu moja: uvimbe mdogo wenye ganda, unaoonekana kama thaimoma, wapasuaji wengi huutoa mzima bila kuutoboa, wasije wakamwaga seli kwenye utando wa mapafu. Muulize daktari waziwazi kama wa mdogo wako ni wa namna hiyo.

Je, akilala chali anapumua vizuri?

Mbayuwayu:
Hapana mkuu, analala ameegemea mito. Na ameanzishiwa predinisoloni, dawa ya steroidi.

Kaka_Tabibu:
Yote mawili madaktari wayajue leo hii. Uvimbe mkubwa unaweza kuziba njia ya hewa akipewa nusu kaputi, kwa hiyo ganzi akiwa ameinuliwa ni salama zaidi. Predinisoloni nayo husinyaza limfoma, kinyama kikatoka hakisomeki. Usimwachishe mwenyewe, waamue wao. Waombe pia kinyama kisitiwe chote kwenye fomalini, kemikali ya kuhifadhia, kingine kibaki kibichi kwa vipimo vya limfoma.

MamaZai:
Mume wangu alifanyiwa hiyo ya sindano nene. Walimbakiza hospitalini, wakampiga eksirei kuona kama hewa imevujia nje ya pafu. Akipata kichomi cha ghafla au pumzi kukata baada ya hapo, mrudisheni mbio. Na ombeni vile vipande vya nta vyenye kinyama. Sisi tulivipeleka kwa mtaalamu mwingine, jina la ugonjwa likabadilika, na dawa pia.