Trei ya kumimina inageuka bwawa kila asubuhi, nibadilishe nini?

mwl_rehema
Habari zenu walimu. Darasa langu la Montessori (mtoto anajifunza kwa kazi za mikono anazochagua mwenyewe rafuni) lina watoto 11, mdogo ana miezi 18 na mkubwa 34, walezi tuko wawili. Kwenye rafu kuna trei ya kumimina (jagi mbili za plastiki za nusu lita), trei ya kuhamisha maharage kwa kijiko, na fremu ya vifungo (kitambaa kwenye fremu, cha kujifunzia kufunga na kufungua nguo). Maji yanaishia sakafuni, maharage yanarushwa au yanaingia mdomoni, fremu haina anayeigusa. Maji yetu ni ya ndoo, bomba liko nje. Tatizo ni vifaa au namna ninavyoonyesha kazi? Naomba hatua, nadharia ninayo.

kona_ya_rafu
Vifaa kwanza, mwalimu. Jagi la nusu lita hata likijaa nusu tu limebeba robo kilo ya maji, na mkono wa mtoto wa miaka miwili hauna nguvu ya kuliinamisha taratibu. Analibinua lote mara moja. Tafuta vijagi viwili vinavyofanana, vya mililita 150 hadi 200, vyenye mpini na mdomo uliochongoka. Mdomo ukiwa butu maji yanatambaa kwenye tumbo la jagi na kushukia kiwikoni. Viwe vya kuonekana ndani.

Tia maji kwenye kimoja tu, kiasi cha mililita 80, yaani kama kikombe cha kahawa ya mtaani. Hata yote yakimwagika, sponji inayanywa. Kiasi cha maji kisizidi kile mtoto anachoweza kufuta mwenyewe. Sponji nayo ikate vipande viwili, kwa sababu ile nzima haikamatiki kwenye kiganja chake. Trei iwe ya rangi moja, yenye ukingo wa sentimita 2 hivi. Ile ya maua inaficha matone, wakati tone ndilo linalomwonyesha mtoto kwamba amemwaga, bila wewe kufungua mdomo.

Kuonyesha: kaa upande wake wa kulia ili mkono wako usimzibe (kama anatumia kushoto, hamia kushoto). Sema sentensi moja, "Nitakuonyesha kumimina," halafu nyamaza. Midomo ya vijagi itazamane, mipini iwe nje, chenye maji kiwe kulia. Shika mpini kwa vidole, mkono wa pili uegemeze chini ya mdomo. Inamisha. Maji yakiisha usikimbilie kuweka jagi chini, subiri tone la mwisho lidondoke. Hapo ndipo wengi wanaharakisha, na tone hilo linaangukia trei. Mimina tena kurudi kulia, futa, kisha msogezee yeye. Ukiongea huku mikono inafanya kazi, atatazama uso wako na hataona mikono.

bi_mkubwa_chekechea
Mimi naanzia kwenye maharage, maana hapo kuna hatari. Yaondoe leo. Punje inaziba koo, inaingia puani na masikioni, na maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo huisha kwa kuchemshwa sawasawa. Kipimo cha haraka ni lile bomba la karatasi linalobaki tishu ya chooni ikiisha: chochote kinachopita humo hakifai kwa wanaotia vitu mdomoni. Weka ndimu kubwa, au kokwa kubwa za embe zilizooshwa na kukaushwa vizuri, mradi nazo hazipiti humo. Nne au tano zinatosha, bakuli likijaa linakaribisha kumwagwa.

Aanze kuhamisha kwa mkono mtupu, kutoka bakuli la kushoto kwenda la kulia. Akizoea, mpe upawa mdogo. Kijiko cha chai hakibebi ndimu, usimpe kazi isiyowezekana.

Anayerusha usimhutubie. "Ndimu zinakaa mezani. Mpira tunarusha nje." Trei inarudi rafuni, na mwili wake unapewa kazi nzito: kukunja na kubeba mkeka, kusukuma kiti, kupeleka pakiti ya unga ya kilo moja mezani kwa mlezi.

mwl_rehema
Asanteni. Wa miezi 18 hadi 20 hawahamishi, wanabinua bakuli tu. Na vijagi vya kioo kwenye sakafu ya saruji?

kona_ya_rafu
Kioo kinene kinafaa, mkeka ukiwa chini ya meza. Kikivunjika, mlezi mmoja anawatoa watoto, mwingine anafagia, na hakuna mtoto anayeokota.

bi_mkubwa_chekechea
Hapo tunatofautiana. Kwa walezi wawili na watoto 11 ningebaki na plastiki ngumu mpaka darasa litulie.

Wanaobinua bado hawajafika kwenye kuhamisha. Wape kisanduku cha kutumbukizia: boksi la mbao au la viatu lenye tundu juu na mlango pembeni, na mpira mmoja wa sentimita 5. Mpira unatoweka, anafungua mlango, anaukuta, anatumbukiza tena. Tundu lizidi mpira kidogo tu. Likiwa pana mno halimtaki alenge, likibana anaupigapiga na kuondoka.

kona_ya_rafu
Fremu ya vifungo ondoa kwa sasa, weka ya velkro (ile ya kubandika na kubandua). Vifungo virudi baadaye, viwe vikubwa, viwili tu.

Mahali pake weka kukata ndizi, hiyo haikosi mteja. Kisukari ndiyo saizi ya mkono wake. Iwe imeiva lakini ngumu kidogo, iliyolegea inaganda kwenye kisu. Mlezi akate ncha ili ganda lipate pa kuanzia. Mtoto ananawa, anamenya, ganda linaingia kwenye bakuli lake, kisha anakata kwa kisu butu cha kupakia siagi, mkono wa pili ukiwa juu ya kisu na si mbele yake. Anakula ameketi.

Maji yako ya ndoo: tumia ndoo ndogo yenye koki, juu ya stuli fupi isiyotikisika, mfuniko umebana, lita mbili tu kwa asubuhi nzima. Ndoo wazi isiwe ndani ya darasa hili hata kidogo, mtoto wa umri huu anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita chache. Chini ya koki weka beseni, na mlezi alimwage kila linapopata maji.