Shirika linataka kusaidia kijiji chetu (Lamu Mashariki), tuanze na afya, shule ama mikoko?

mwanavisiwa
Assalam aleikum wanajukwaa. Sisi tuko kisiwa cha Pate, kijiji sitakitaja manake mambo bado hayajaiva. Kuna shirika dogo limekuja kuzungumza na wazee, wanasema wanasaidia vijiji kwa afya, elimu na mazingira, yote matatu, lakini pesa za mwaka wa kwanza ni kidogo kwa hivyo tuchague la kuanza. Hapo ndo vita vimeanza. Kina mama wanataka dawa dispensari, wazee wanataka basari maana kuna watoto wamefaulu na wamekaa nyumbani kwa kukosa fizi, yaani karo, vijana nao wanasema wapewe kazi ya kupanda mikoko walipwe. Baraza la Ijumaa limevunjika watu wamenuniana. Nyinyi mngeomba nini?

nesi_wa_pwani
Waaleikum salaam ndugu yangu. Nimefanya kazi dispensari za visiwani na nakwambia msiombe dawa. Dawa za mfadhili zaja kwa sanduku, picha zapigwa, zikimalizika rafu ni zile zile tupu na nesi ndiye anayetukanwa. Kwanza niambie, jabia yenu iko hali gani?

Kwa wa bara wasiojua, jabia ni lile sakafu kubwa la saruji lenye mteremko, mvua ikinyesha maji yanateremka mpaka kwa tangi la chini na kijiji kizima kinanywa humo mpaka mvua nyingine. Sasa pale nilipokaa mimi sakafu lilikuwa limepasuka, mbuzi wanalala juu yake, masika yakianza ile mvua ya kwanza inasomba kila kitu mpaka ndani ya tangi, na haipiti muda benchi langu lote ni watoto wa kuhara wamelegea kama kamba mbovu. Nagawa ORS, ile ya kurudisha maji mwilini, na zinki kutwa na ugonjwa wenyewe uko tangini unanisubiri. Zibeni nyufa, wekeni ua mbuzi asipite, fagieni kabla ya masika na yale maji ya kwanza muyageuze yamwagike nje. Klorini mutapewa na afisa wa afya ya jamii mkimfuata. Hiyo ni afya lakini pia ni shule, maana jabia ikikauka mapema anayetumwa na madumu asubuhi ni msichana, kaka yake hatumwi.

Halafu waandikisheni watu SHA, ile bima ya afya ya serikali, ndo imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, kujiandikisha hakuna malipo na kunahitaji tu mtu mwenye simu ya maana akae na wazee awasaidie.

kijana_wa_gede
Mimi naongea kutoka huku Malindi. Dada nesi kasema kweli ila msidharau basari, ubaya wa basari ni ikiwa pesa zatoka mfukoni kwa mfadhili peke yake, akichoka mtoto yuko kidato cha pili na anarudi nyumbani. Huku kwetu A Rocha Kenya, shirika la mazingira, wana mpango unaitwa ASSETS, ulianza 2001, unalipia fizi watoto wa sekondari wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Ule mlango wa kulipia pale Mida, wageni wapite lile daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikoko waone ndege, pesa yake inaingia kwa basari. Mradi wa Kipepeo nao uko Gede tangu 1993, wakulima wanafuga vipepeo wa msituni na pupa zao zinauzwa nje, kwa hivyo mwenye kukata msitu anakata riziki ya jirani yake na jirani hanyamazi. Hapo ndo mazingira na shule vinashikana.

baharia_mstaafu
Mikoko sawa lakini isiwe kama ile tulioonyeshwa sisi, walikuja na fulana na bango wakachomeka mbegu siku moja kwenye tope wazi ambapo hata mababu hawakuona mkoko umeota, bamvua mbili tatu hakuna kitu, kaa wamekula na maji yamebeba. Bango ndo liko mpaka leo 😂 Waulizeni wakataji boriti wenu, wao wanajua kila aina ya mkoko, mchu unataka wapi na mkandaa unataka wapi. Na mukitaka pesa ya kweli tazameni Gazi kule Kwale, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wanauza kaboni, yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na mikoko yao, ya hekta 117 na pesa imeingia kwa maji na shule. Ila si jambo la mwaka mmoja, msidanganyane.

bi_shela
Mbona hakuna aliyetaja boti? Mama akishikwa na uchungu usiku na hospitali ya Faza imeshindwa, apelekwe King Fahd, hospitali kubwa ya Lamu mjini, na maji ya mkondo wa Mkanda yametoka, boti imekaa juu ya mchanga mnangoja maji yajae. Mimi ningeomba petroli na nahodha wa zamu kabla ya kitu chochote.

nesi_wa_pwani
Bi Shela, swadakta. Lakini petroli isikae kwa mtu, iandikwe daftari dispensari na anayeitoa asaini.

mwanavisiwa
Ahsanteni sana. Jabia yetu kusema haki ina ufa mkono unapita na hatukuitaja barazani hata mara moja. Nitaipeleka hii, na petroli, basari tuiweke mwaka wa pili. Sasa shirika wanataka kikundi kilichosajiliwa, sisi hatuna.

kijana_wa_gede
Hiyo rahisi. Sheria ya vikundi ya 2022 inataka watu wasiopungua kumi, katiba na minitsi za mkutano, mnaenda ofisi ya maendeleo ya jamii. Benki wekeni sahihi tatu na msimpe mtu mmoja kadi hata akiwa imamu.

mwanavisiwa
😂😂 Sawa. Kuna anayejua fundi aliyewahi kutengeneza jabia, si fundi wa nyumba?

baharia_mstaafu
Yuko mmoja Kizingitini. Njoo inbox.