Msaada wakuu: "kuimarisha" kwa Kiingereza ni neno gani hasa?

Katibu_Kibosho: Habari za jioni wakuu. Mimi ni katibu wa kikundi chetu cha mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, huku Kibosho. Masika iliyopita maji yalikula ukingo mpaka migomba ikabaki mizizi nje. Tukaandika andiko kwa mfadhili, na kwa Kiswahili lilikaa vizuri: kuimarisha ukingo, kuimarisha kamati, kuimarisha mapato ya kina mama. Kuligeuza Kiingereza nikaona vibaya kurudia neno moja, nikachukua kwenye kamusi "fortify", "intensify" na "strengthen". Limerudi limejaa alama za kuuliza pembeni, na Ijumaa linatakiwa tena. Wazee wamenikabidhi, sitaki liharibikie mikononi mwangu.

Fundi_Njiro: Mkuu, ukingo ni "reinforce". Zege lenye nondo huitwa "reinforced concrete". Zege peke yake linahimili kugandamizwa, ila likivutwa linapasuka. Nondo ndizo zinazohimili kuvutwa. Kitu kipo, unakiongezea kingine kikisaidie kubeba. Hata askari wa nyongeza wanaitwa "reinforcements". Mawe na saruji yako ni hivyo hivyo.

Mwl_Mstaafu: Pole mwanangu. Fundi yuko sahihi. "Fortify" ni ndugu wa "fort", yaani ngome, kwa hiyo msomaji anajiuliza ni adui gani mnajikinga naye. Utaliona pia kwenye pakiti za unga uliotiwa madini ya chuma na asidi ya foliki. Kwenye mfongo halina kazi. Lililokuponza zaidi ni "intensify": hilo huongeza ukali, kama wa maumivu, mvua au mapigano. Kamati haiongezwi ukali! Kamati ipe "strengthen", ndilo pana kuliko yote. Mapato ya kina mama ni "increase" basi, maana mapato huongezwa. Hapo hata Kiswahili chetu tumekizoesha vibaya, kila kitu "kuimarisha".

Katibu_Kibosho: Shikamoo mwalimu, nashukuru sana. Na "consolidate"? Mwenyekiti amelipenda.

Mwl_Mstaafu: Marahaba. Hilo hasa ni kukusanya vilivyotawanyika viwe kimoja. Mkiungana na vikundi vya jirani, litumie. Vinginevyo liache.

Dada_Sakina: Mimi nahudumia wageni hotelini hapa Arusha. Mgeni alitaka chai ikolezwe, nikamwambia "I will strengthen it". Akanitazama tu. Bosi akanirekebisha: "make it stronger". Nyumbani nasema nakoleza chai, nakaza kamba, natia nondo, sichanganyi. Kaka, rudi kwenye Kiswahili chako kwanza, pale ulipoandika "kuimarisha" sema ni kufanya nini hasa, ndipo ushike kamusi.

Katibu_Kibosho: Nimefanya hivyo dada. Ukingo: kujengea mawe na saruji. Kamati: kuifundisha kutunza hesabu. Sasa nimeandika "reinforce the bank with stone and cement" na "strengthen the committee through bookkeeping training". Imekaa?

Fundi_Njiro: Imekaa. Taja na urefu wa ukingo kwa mita, hilo nalo watakuuliza.