Taa ya mgodi katika kitabu cha Samuel Smiles: wavu unazuiaje moto?

Mwalimu_Katuba: Wandugu wa Lubumbashi, jambo. Wanafunzi wa tekniki wamefika kwenye maisha ya George Stephenson, yule fundi wa reli wa Uingereza, aliyoandika Smiles mwaka 1857, wakakwama kwenye taa ya usalama: taa ya moto iliyozungushiwa wavu wa waya ili isiwashe gesi inayolipuka mgodini. Wavu una matundu, gesi inapita. Mbona moto haupiti? Na nani alitangulia kuitengeneza, Stephenson ao Humphry Davy, yule mwanakemia Mwingereza?

Fundi_Kipushi: Mwalimu, kazi inafanywa na waya. Unanyonya joto la moto na kulitawanya, basi gesi ya upande wa pili haipati joto la kuiwasha. Davy alitumia wavu wa matundu 28 kwa inchi, yaani 784 kwa inchi ya mraba. Tundu likiwa pana, moto wa katikati haugusi chuma, unapenya.

Onyesha darasani, madirisha wazi: shika kwa koleo wavu laini wa chuma, sentimita 3 hivi juu ya Bunsen (jiko dogo la gesi la maabara) isiyowashwa. Fungulia gesi, washa kiberiti JUU ya wavu. Moto utabaki juu. Usikawie! Wavu ukianza kuwa mwekundu, moto unashuka.

Msomaji_Kamalondo: Na huo wekundu ndio uliowamaliza wachimbaji. Penye upepo mkali mgodini, moto ulisukumwa kwenye wavu hadi ukapita. Kutu ao waya mmoja kukatika, hali ni ileile. Tena wenye migodi, wakiiamini taa, walirudisha watu kwenye sehemu zilizoachwa kwa sababu ya gesi. Stephenson aliweka kioo, hewa ikaingia kwa vitundu vidogo. Kioo nacho hupasuka.

Kuhusu kutangulia: Stephenson alijaribu yake kwenye mgodi wa makaa wa Killingworth, karibu na Newcastle, Oktoba 1815, Davy akaeleza yake mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, Novemba. Davy akapewa pauni 2,000, Stephenson gini 100 (pauni 105); watu wa Newcastle wakakasirika, wakamchangia pauni 1,000. Smiles anamtetea Stephenson waziwazi, na wakati huo mwenyewe alikuwa katibu wa kampuni ya reli. Msome kama wakili, si kama hakimu.

Mwalimu_Katuba: Aksanti sana. Kwenye shaba yetu ingefaa?

Fundi_Kipushi: Gesi hiyo, methani, ni shida ya migodi ya makaa ya mawe zaidi, kama ule wa Luena huku Katanga, inalipuka ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa. Ila kwenye shimo lolote lisilo na hewa nzuri, taa ya moto inazimika oksijeni ikishuka karibu asilimia 16. Ikizimika, toka. Usiiwashe tena humo ndani.