Mavyaa anamwimbia mwanangu eti fisi atamla, nimwambieje?

Mama_Tudor: Habari zenu wadau, naombeni ushauri. Mimi wa Mombasa nimeolewa kwa Wajaluo, mavyaa yuko nasi mwezi wa pili sasa na twapendana sana, shida ni usiku tu. Akimbeba mjukuu anamwimbia kibembelezi cha kwao kwamba mtoto anayelia huliwa na fisi. Alipokuja zamani mtoto akiwa mchanga sikujali lakini sasa ana miaka mitatu na Kijaluo anakisikia, juzi kaamka saa nane usiku ananiuliza fisi yuko wapi, tangu hapo taa haizimwi. Mimi nimelelewa na howa howa, bembelezi za nyanya, hazina mnyama. Mume asema nimwache mamake, mbona yeye aliimbiwa na amekua.

NyarAlego: Pole mamaa. Hicho tumelala nacho wote, japidi, yaani yaya, anaachiwa mtoto mama akienda shamba, naye mwenyewe ni msichana mdogo amechoka, ataimba nini? Na fisi enzi hizo alikuwa anapita kweli nyuma ya boma. Mama hana nia mbaya.

Mzee_wa_Tungo: Si Wajaluo peke yao. Brazil wanamwita ng'ombe dume mwenye uso mweusi aje amchukue mtoto, Hispania kuna zimwi Coco anayekula wasiolala, na kile cha Kiingereza tunachoimba hapa kila siku tawi linavunjika mtoto anaanguka na susu lake! Kuna hata kibao cha udongo cha Babeli, karibu miaka 4000, mtoto anaambiwa kilio chake kimemwamsha mungu wa nyumba. Mimi naona anayeimba anatoa uchovu wake mwenyewe, mtoto anapokea sauti tu.

Bi_Kidude_cha_Nazi: Sawa mzee lakini huyo anapokea sauti ni mchanga. Watafiti wa Harvard 2020 waliwawekea watoto wachanga bembelezi za lugha wasizozijua na mapigo ya moyo yakashuka, maana yake maneno hayana kazi hapo, kazi ni ya sauti. Wa miaka mitatu anaelewa na anaota! Usimnyang'anye mama wimbo wake, mwombe abadilishe mwisho tu, na aanze mumeo, tena kwa Kijaluo, wewe usimtangulie.

Mama_Tudor: Nashukuruni jamani. Mume aliongea naye jana, kumbe mama hakujua mtoto anaelewa, akasikitika mpaka nikaona vibaya. Usiku kaimba sauti ileile ila mwisho ni ondiek onindo, fisi amelala, na mtoto akawa anamnyamazisha kila mtu asije akamwamsha fisi. Taa tumezima. Sasa mama ananiambia na mimi niimbe cha kwetu, na nyanya alishafariki, nakumbuka ubeti mmoja tu. Mwenye anazijua howa za Mombasa au Lamu aniandikie hapa tafadhali.