Laini ya mwenye minara au ya wanaonunua jumla? Niko Houston, bili inanimaliza

MsukaniWaAlief

Habari za wikendi wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijakurupuka.

Nina laini ya bili kwenye mojawapo ya zile kampuni tatu kubwa. Bango la dukani lilisema dola 75. Bili ikija ni 94 na senti zake: kodi, kitu kinaitwa ada ya uendeshaji, na bima ya simu ambayo sikumbuki kuiomba. Vijana ninaopiga nao kazi ghalani wananicheka, wao wako kwenye kampuni za bei nafuu. Mmoja yuko Mint, anasema alianza kwa dola 15, mwingine Visible dola 25 na kodi humohumo. Wanasema minara ni ileile, mimi natajirisha watu bure.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba Ijumaa mpaka Jumapili naendesha Uber. Simu ndiyo kazi yenyewe. Ikinigomea nje ya uwanja wa NRG mechi inaisha, hela ya wiki imepita hivihivi.

Mengine ya kuzingatia: iPhone ninayotumia walinipa "bure" kwa makubaliano ya miezi 36, na sijafika hata nusu. Namba hii iko benki, iko uhamiaji, iko kila mahali, siwezi kuipoteza. Na mke wangu anakuja mwezi wa nane kutoka Tanga, anakuja na Tecno yake, naye atahitaji laini.

Nihame au nitulie?

KatyBoy

Hama leo leo mkuu. Mimi nilihama, sijawahi kujuta. Mnara ni mnara. Hao wakubwa unawalipia matangazo ya Super Bowl.

MamaBissonnet

Mdogo wangu wa Alief, pole na bili. Huyo wa Katy kakujibu nusu ya swali.

Nimeuza simu miaka kadhaa hapahapa Bissonnet, kwenye duka la wakala, kwa hiyo haya nimeyaona nikiwa upande wa pili wa kaunta. Nianze na nani ni nani, maana watu wanachanganya.

Wenye minara nchi nzima ni watatu: Verizon, AT&T na T-Mobile. Sprint alikuwa wa nne, akamezwa na T-Mobile Aprili 2020. Karibu wote wengine unaowaona kwenye matangazo wananunua mtandao kwa jumla na kukuuzia rejareja, kama Mangi wa dukani anavyochukua mchele kwa gunia akakupimia kilo. Ila siku hizi maduka mengi ya Mangi ni ya mwenye gunia mwenyewe. Visible ni ya Verizon tangu ianzishwe 2018. Cricket ni ya AT&T. Tracfone ilinunuliwa na Verizon Novemba 2021, na Straight Talk ikaenda humohumo. Mint nayo ni ya T-Mobile tangu Mei 2024. Kwa hiyo ukihama kwa hasira ili kuikomoa kampuni kubwa, angalia usije ukawa umehama chumba tu, nyumba ileile.

Halafu kuna kundi la tatu ambalo hukulitaja, nalo ndilo lililokupiga: wakala. Nembo ya mlangoni ni ya kampuni kubwa, fulana ni za kampuni kubwa, lakini duka ni la mtu mwingine kabisa na mshahara wa aliye kaunta unategemea kamisheni. Bima usiyoikumbuka najua ilikotoka. Kila mwezi tulipewa lengo: bima kadhaa, makava kadhaa, tableti kadhaa. Tableti ndizo zilikuwa balaa. Mteja anaambiwa ni zawadi, anaondoka anacheka, kumbe ina laini yake yenye bili yake kila mwezi. Nimewahi kumwona mama wa Kikongo amerudi na bili mkononi, ana laini nne na nyumbani kwao wako wawili. Alielekezwa apige simu makao makuu. Makao makuu wakamwambia arudi dukani. Basi ukiingia duka lolote, tazama maandishi madogo mlangoni au chini ya risiti: kama kuna jina la kampuni nyingine, uko kwa wakala. Si kwamba wote ni wezi, ila soma unachosaini kwenye ile kioo, usikubali wakusogezee tu kidole.

Sasa hoja yako. Minara ni ileile, kweli. Kipaumbele si kilekile.

Kila laini ina daraja lake ndani ya mtandao, mafundi wanaliita QCI. Namba ndogo inapita kwanza. Kwa Verizon, laini za bili za daraja la juu zinapewa 8, nyingi za bei nafuu zinapewa 9. Mnara ukiwa na nafasi, 8 na 9 hawajuani, wote wanakimbia. Ndiyo maana wenzako ghalani wanaapa hakuna tofauti, na hawadanganyi: usiku, pembezoni mwa mji, mnara umelala. Mnara ukijaa ndipo wa 9 anasubiri wa 8 wahudumiwe. Na simu haikuambii. Ile mistari ya juu ya kioo inaonyesha nguvu ya mawimbi, haionyeshi msongamano. Unaona mistari yote imejaa na ramani haifunguki.

Wewe sasa. NRG inaingiza watu zaidi ya 70,000. Mechi inaisha, wote wanatoa simu mara moja, wengine wanatuma video, wengine wanaita gari. Wakati wa Rodeo, yale maonyesho ya mifugo na muziki ya mwezi wa tatu, ni hivyo karibu kila usiku. Pale ndipo bei ya Uber inapopanda, na palepale ndipo laini ya daraja la chini inapokwama. Kijana wa Katy anayekaa ofisini na waifai hana haja ya kulipia kipaumbele. Wewe unayo.

Lakini hiyo haina maana ubaki kwenye dola 94. Kuna wauzaji wa rejareja wanaouza laini zenye kipaumbele. Visible wana kifurushi cha juu kuliko kile cha mwenzako. US Mobile wanakuruhusu kuchagua mtandao wa nani unautumia kati ya wale watatu. Google Fi wanapita kwa T-Mobile. Usiulize "mtandao wenu ni mzuri?", hakuna atakayekwambia ni mbaya. Uliza: data ya kipaumbele ni GB ngapi, na zikiisha inakuwaje? Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Tena tangu Aprili 2024 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, imezilazimisha kampuni kubwa kuweka jedwali la bei, kasi na makato mahali wanapouzia, limechorwa kama lile la lishe kwenye pakiti za chakula. Lisome lote. Ile "ada ya uendeshaji" yako ingekuwa imeandikwa mle.

Simu ya "bure". Chukulia ni ya dola 800. Ikigawanywa kwa 36, unadaiwa 22.22 kila mwezi, na kila mwezi wanakurudishia 22.22 kwenye bili. Ukiondoka, kurudishiwa kunakoma na deni lililobaki unalibeba wewe. Kwa miezi 20 iliyobaki ni kama dola 444. Ukienda kwenye laini ya dola 45 unaokoa 49 kwa mwezi, kwa hiyo hilo deni linakula akiba ya miezi tisa. Miezi kumi na moja inayofuata ni yako. Weka hesabu zako halisi, zipo kwenye bili, ukurasa wa pili au wa tatu. Hata ukiamua kubaki, bima itoe leo, kwenye programu yao, usipige simu watakubembeleza.

Namba haipotei, ila kuna watu wanaipoteza kwa haraka zao: wanafunga laini ya zamani kwanza, halafu ndio wanaomba kuhamisha. Laini iliyofungwa haina cha kuhamisha. Acha ya zamani iwe hai, chukua namba ya akaunti na PIN ya kuhamishia. Verizon unapiga #PORT, AT&T unapiga *PORT, T-Mobile iko kwenye programu. Kama ulishawahi kuifunga namba isiibwe, ifungue kwanza. Mpe muuzaji mpya hizo namba, ya zamani itajifunga yenyewe. Sheria inawapa siku moja ya kazi kwa laini ya kawaida, mara nyingi inaisha mapema zaidi. Fanya Jumanne asubuhi. Ijumaa jioni usithubutu.

Kabla ya yote, jaribu. Visible na Cricket wana majaribio ya bure ya eSIM (laini isiyo na kadi, inapakuliwa ndani ya simu), takribani wiki mbili. Yako huenda imefungwa kwenye kampuni yako mpaka deni liishe, na ikiwa hivyo haitaingia laini ya mwingine, kwa hiyo azima simu iliyofunguliwa, iweke kwenye dashibodi wikendi moja, uegeshe pale Kirby mechi ikiisha ulinganishe.

Mkeo, yaani wifi yangu, na Tecno yake: mitandao ya 3G ilizimwa hapa mpaka kufikia mwisho wa 2022, simu zinapigwa kupitia 4G. AT&T wana orodha ya simu wanazozikubali, na nyingi za nyumbani hazimo, hata kama zina 4G. Mwambie abonyeze *#06# akutumie IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uiingize kwenye tovuti ya muuzaji kabla hajapanda ndege. Ikikataa, amwachie mdogo wake hiyo Tecno. Laini ya kulipia kabla haimdai namba ya Social Security wala historia ya mikopo, hapo wa rejareja wanawashinda wakubwa kwa mbali. Kwa mtu anayeanza, Mint inamtosha. Ajue tu zile dola 15 ni ofa ya kuingilia: unalipa miezi mitatu kwa mkupuo, 45, kodi juu yake. Ikiisha, ili ubaki na bei hiyo unalipia mwaka mzima.

MzeeColumbus

Nimemsoma Mama Bissonnet, kanena, ila niweke neno kwa wenye familia. Mimi nina laini tano kwa mwenye minara. Laini ya kwanza ni ghali, ya pili imeshuka, ya nne na ya tano ni kama wamekuongezea. Nikigawanya, kila mtoto ni hela ya kawaida tu. Nikienda nyumbani, simu inawaka nikiwa bado kwenye foleni ya pasipoti pale Julius Nyerere, maana kifurushi changu cha T-Mobile kinabeba data ya nje kwenye nchi zaidi ya 200. Ni ya polepole, lakini WhatsApp inatosha.

Jingine, mimi ni mtu mzima, sitaki kuandikiana na roboti saa sita usiku kwamba laini imekufa. Nataka duka, nataka kiti, nataka mtu wa kumkazia macho. Hawa wa rejareja wengi hawana duka. Kijana, mke akija mtakuwa wawili, watoto watafuata. Uliza bei ya laini mbili kwa huyohuyo uliye naye kabla ya kuhama.

KatyBoy

Mzee mtu wa kumkazia macho unamlipia dola ngapi kwa mwezi 😂

MzeeColumbus

Heshima yangu haina risiti, mjukuu.

MamaBissonnet

Shikamoo Mzee. Kwa laini tano nakubaliana nawe, hata sisi kaunta tulikuwa tunajua familia ya watu watano haiondoki kirahisi. Kwa mbili, hesabu bado inalalia upande wa rejareja, labda kama wanampa ofa. Na hicho kiti chako hakikisha ni cha duka la kampuni yenyewe, si cha wakala, maana wakala hawezi kukugusia akaunti kwa mambo mengi, atakuwa anapiga simu ileile ambayo ungepiga wewe.

MsukaniWaAlief

Asanteni sana wakuu, Mama ubarikiwe. Bima nimeitoa sasa hivi, kweli ilikuwa dakika mbili tu kwenye programu. Nimeangalia na risiti ya zamani: chini kuna jina la kampuni nisiyoijua kabisa. Nimecheka peke yangu.

Nimeomba kijana mmoja simu yake ya zamani, nitafanya hilo jaribio. Nikiona inashika, nalipa deni la simu nahama.

Swali la mwisho. Desemba nataka kwenda Tanga kuwaona wazee. Benki yangu kila nikiingia inatuma msimbo kwenye namba hii. Nikiwa kwa hawa wa rejareja, bila data ya nje kama ya Mzee, msimbo utanifikia?

MamaBissonnet

Washa kupiga kwa waifai ukiwa bado hapa, itakuomba anwani ya dharura, jaza ya nyumbani kwako Alief. Ukifika Tanga, zima data ya laini ya Marekani, unganisha waifai, na simu inakuwa kama iko Houston: kwa wauzaji wengi meseji zinaingia na hakuna makato ya nje.

Lakini misimbo ya benki mingine huwa inasumbua kwenye waifai, kwa hiyo usingoje kujua ukiwa Chumbageni. Wiki moja kabla ya safari weka simu hali ya ndege, washa waifai peke yake, ingia benki. Msimbo usipofika, waombe benki wakuhamishie kwenye programu yao ya uthibitisho wakati bado unaweza kupokea meseji.

Na kwa laini ya huko: kama iPhone yako ni 14 kwenda juu, iliyonunuliwa hapa haina tundu la laini, utahitaji eSIM ya nyumbani. Kama simu imefungwa, deni likishaisha omba wakufungulie na usubiri ujumbe wa kuthibitisha. Bila hivyo, hata eSIM ya Voda haitaingia.