Mjadala: Katuni za "fisi alivyopata mgongo wake" zionyeshwe darasa la awali?

Hoja iliyo mezani: ngano za wanyama walivyopata maumbile yao, sasa zikiwa katuni, zinawafaa watoto wa awali na darasa la kwanza hapa Dodoma, au zinawajaza uongo?

Mwalimu wa sayansi, Bahi
Napinga. Mtoto wa miaka 5 akiona kobe anaanguka kutoka mawinguni, gamba linapasuka kisha linaungwa, huyo ameshuhudia. Kumbe gamba ni mfupa ulioungana na mbavu na uti wa mgongo, na juu yake kuna vigae vya keratini, kitu kilekile cha kucha zetu. Ile mistari ni mipaka ya vigae. Ukija kumfundisha hivyo darasani, unashindana na picha aliyoiona kwa macho yake.

Mchora katuni, Dodoma Mjini
Mwalimu, hasara hiyo ipo, ila haitoki kwenye ngano. Bibi huanza na "Paukwa!", watoto wakaitika "Pakawa!", na hapo kila mmoja anajua ameingia kwenye ngano. Katuni nyingi zimeung'oa mlango huo. Wanasema ni gharama. Si kweli! Kwa michoro 12 kwa sekunde, filamu ya dakika 3 inadai michoro 2,160, lakini sekunde 4 za kusubiri watoto waitike zinatoshwa na mchoro mmoja uliotulia, macho tu yakipepesa. Shida ni kwamba sauti hurekodiwa kwanza, midomo huchorwa baadaye kuifuata. Msimulizi asipoacha nafasi siku ya kurekodi, kuipachika baadaye kunavuruga muziki na midomo vyote viwili. Na muziki ushushwe hapo, la sivyo unameza sauti za watoto.

Linaloniuma zaidi ni umbo. Fisi anachorwa kwa kiwiliwili cha mbwa, mgongo sawa! Miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo unateremka. Ukikosea hapo, ngano yenyewe haina cha kueleza. Tazameni michoro ya miambani Kolo, Kondoa, iliyo urithi wa dunia tangu 2006: mingi ni ya rangi nyekundu tu, na twiga unamtambua mara moja.

Mzazi, Mpwapwa
Naunga mkono, kwa sharti moja. Masimulizi yawe Kiswahili, ila wimbo wa ndani ya ngano ubaki Kigogo, na zeze lisikike. Wimbo ukitafsiriwa silabi huzidi mapigo, watoto wanashindwa kuuimba.

Mwalimu wa sayansi, Bahi
Mlango wa "Paukwa" naukubali, na la fisi pia. Kwa twiga bado nakataa. Ngano ikisema aliongezewa mifupa ya shingo, inapotosha: ana pingili 7 kama sisi, ila kila moja ni ndefu mno.

Mchora katuni, Dodoma Mjini
Basi ngano iseme shingo ilivutwa, isiongeze mfupa. Mwalimu asimamishe filamu kabla ya mwisho, awaulize watoto wanadhani ilikuwaje, amalizie, kisha awaonyeshe picha ya mifupa ya twiga nao wapapase shingo zao wenyewe. Dakika 15 zinatosha.

Mwalimu wa sayansi, Bahi
Zinatosha kwa watoto 30. Kwa darasa la watoto 90 na skrini moja, walio nyuma wataona kobe akianguka tu. Picha ya mifupa haitawafikia. Hilo bado halijajibiwa.